Miezi saba baada ya kukatwa tumbo: biskuti zashuka, sukuma yakwama

Keshia wa Grogan

Hamjambo wote. Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya kwa miezi. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Nina miaka 43, naishi Umoja, kazi yangu ni keshia kwenye duka la vipuri Kirinyaga Road. Mwezi Machi nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, ule wa slivu, ambao sehemu kubwa ya tumbo hukatwa ikatolewa kabisa na kinachobaki ni kijimfuko chembamba chenye umbo la ndizi. Niliingia na kilo 128. Kufikia Septemba nilikuwa 97. Mara ya mwisho kuwa na kilo hizo, kifungua mimba wangu alikuwa bado ananyonya, na sasa yuko kidato cha tatu. Lakini hii ni wiki ya sita mzani haujasonga, na juzi ulipanda kilo moja na nusu.

Shida yangu nitaisema bila kuzunguka mbuyu. Vitu nilivyokatazwa vinashuka vizuri kabisa. Nilivyoambiwa nile ndivyo vinavyokwama.

Wiki mbili zilizopita nilichoka na bilauri za unga wa protini. Nikasema leo nakula chakula cha watu. Nikaenda kibandani nyuma ya duka, kwa mama ambaye amenipikia miaka tisa. Ugali, sukuma, nyama ya kukaanga. Nikamwambia anipimie ya mtoto. Tonge la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu likakaa hapa katikati ya kifua, kama mtu ameegesha mkokoteni akaenda zake. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, ya povu, kama ya mtoto anayeota meno. Nilisimama nyuma ya lori lililokuwa likishusha mizigo, nimeshika ukuta, robo saa nzima, mpaka lile tonge likarudi lilikotoka. Mama wa kibanda aliniona. Akadhani nina mimba. Akanipongeza.

Jioni hiyo nikanywa chai na biskuti. Paketi nzima. Hazikuniuma hata kidogo! Ukizichovya zinalegea, zinapita kama hakuna kitu. Na ndivyo siku zangu zilivyokuwa sasa: asubuhi yogati ya stroberi, saa nne krisps kwa sababu zikitafunwa zinakuwa unga, mchana supu ya kupakuliwa kwenye paketi, jioni soseji mbili laini na chai. Katikati hapo unga wa protini, mkebe mmoja elfu saba, haumalizi mwezi.

Kwenye kliniki nilipewa karatasi ya vyakula. Ni nzuri, ina picha. Samaki wa salmoni, brokoli, kinoa, jibini la kotaji. Kinoa nimeitafuta hadi nikaipata, nikaangalia bei, nikairudisha rafuni taratibu kana kwamba ingevunjika.

Nataka kurudi kwenye chakula cha sokoni, kile kinachotoka shambani na ziwani kikiwa kizima, niachane na hivi vya karatasi. Nianzie wapi? Omena inaweza kukaa kwenye hili tumbo? Ndengu je? Na nyumbani tuko sita pamoja na mama mkwe, wote ni watu wa ugali. Sina nguvu ya kupika sufuria tatu nikitoka kazini saa moja usiku.

---

Mguu Niponye

Si ungekimbia tu asubuhi, bure. Hizi oparesheni ni njia ya mkato halafu mnakuja kulia hapa.

---

Mwalimu wa Kayole

Mguu Niponye, nenda kakae nyuma ya darasa.

Keshia, dadangu, karibu. Mimi nina miaka 49, nafundisha hisabati na sayansi kimu katika shule moja ya upili huku Eastlands. Nilifanyiwa baipasi, ule upasuaji ambao tumbo hupunguzwa na kuungwa na utumbo mbele zaidi, mwaka 2020 kwa mkopo wa sacco ambao nimeumaliza kulipa mwaka jana, kwa hiyo kila kilo iliyonitoka najua bei yake hadi senti. Baipasi na slivu si kitu kimoja, lakini kwenye hili lako sisi ni ndugu.

Biskuti hupita kwa sababu kiwanda kimeshakutafunia. Ni unga, sukari na mafuta. Ukiuchovya kwenye chai umepika uji. Uji hauketi kwenye kijimfuko chako, unateleza, na nusu saa baadaye pako tupu na mkono uko kwenye paketi tena. Ndiyo maana mzani umesimama. Chakula kizima kinaketi. Vijiko sita vya ndengu vinakushikilia hadi saa kumi. Huko kusimama kwa chakula kunakokuogopesha ndiko kulikokufanya ukubali kukatwa tumbo. Kinachotakikana ni kisimame kwa shibe, kisikukabe.

Sasa niisahihishe ile sahani ya kibandani, kwa kalamu nyekundu. Nyama ya kukaanga ya kibanda ni nyuzi. Hata mwenye tumbo zima huishia kuchokonoa meno hadi jioni. Sukuma ilikatwa na mabua yake. Ugali ukiutafuna kidogo unarudi kuwa donge huko chini. Na nina hakika ulikuwa na nusu saa ya kula, ukiwaza foleni ya wateja, na ulikuwa umeweka glasi ya maji karibu. Umekusanya makosa yangu yote ya mwaka 2020 kwenye sahani moja.

Mimi niliokolewa na ndengu. Nitakueleza ninavyozipika maana karatasi ya kliniki haikueleza kitu.

Chambua mawe usiku, loweka. Asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, chemsha hadi zipasuke na maganda yaanze kuelea. Wiki za kwanza nilikuwa naengua maganda yale kwa kijiko, naweka kando. Sasa siengui tena. Nusu ya ndengu ziponde kwa mwiko hapo hapo kwenye sufuria, nusu ziache zilivyo. Kitunguu kikaangwe kidogo sana. Nyanya itumbukizwe kwenye maji moto kwanza uimenye, kwa sababu ganda la nyanya hujikunja kama karatasi na kukwama. Dania, chumvi kidogo, basi. Viungo vya paketi viache dukani, una dania na tangawizi vinatosha. Inatakiwa uzito wa kuweza kusimamisha kijiko kwa sekunde moja kabla hakijaanguka. Mimi nina bakuli la plastiki la kijani, lilikuwa la bintiyangu akiwa chekechea, lina sungura aliyefutika sikio. Nakula hapo, kwa kijiko cha chai. Naweka kijiko chini kila baada ya kumeza. Dakika ishirini. Wanangu walinicheka mwezi mmoja wakachoka.

Omena: ndiyo, inakaa, na ni kitu cha thamani sana kwetu kwa sababu unaila na mifupa yake. Ila si ile ya kukaangwa ikalia kama krisps. Nunua zile kavu zinazong'aa, zisizo na mchanga. Ng'oa vichwa na utumbo, moja moja. Ndiyo, zote. Washa redio, ita mtoto mmoja akusaidie. Vichwa ndivyo vyenye uchungu na ndivyo vinavyochoma kooni. Zitie maji ya moto dakika kumi, mwaga, osha, chemsha upya hadi zilegee kabisa. Kitunguu, nyanya iliyomenywa, halafu mwishoni mimina maziwa kidogo yachemke nazo. Mamangu huko Homa Bay alifanya hivyo, na sikujua alikuwa ananitayarishia tumbo la baipasi. Anza na vijiko viwili vya chai. Tafuna mpaka usijue tena kama ilikuwa samaki.

Samaki mkubwa ni rahisi kuliko vyote. Tilapia ya kuchemsha, nyama yake inakatika kwa uma. Toa mifupa kwa vidole, si kwa macho.

Nyama choma, kwa sasa, ipungie mkono. Ukitaka ng'ombe pika tumbukiza, saa mbili unusu, mpaka nyama ijitenge yenyewe. Na hapa nitasema jambo litakaloudhi watu: kuku wa kienyeji si rafiki yako bado. Najua ni wa asili, najua anakula mchwa na kukimbia uani. Mbio hizo hizo ndizo zilizomkaza msuli. Paja la kuku wa gredi lililochemshwa polepole litakufaa zaidi hadi upite mwaka.

Mboga: managu, terere, kunde, majani matupu, bua lote litupwe, yakatwe membamba na yaive vizuri. Usiogope kuyachemsha, hatuko kwenye hoteli ya kitalii. Wanga huja mwisho, ikibaki nafasi: kipande cha nduma au kiazi kitamu cha kuchemsha, ukubwa wa kibiriti. Githeri ya kawaida itakusumbua kwa ganda la mahindi. Waulize Wakamba wakuuzie muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uchanganye na maharagwe yaliyolowekwa. Chungwa kula, ila ile ngozi nyeupe iteme. Embe la nyuzi acha, chukua la apple au ngowe lililoiva. Nyuzi zikijikusanya kwenye tumbo dogo zinaweza kuwa bonge.

Kuhusu sufuria tatu: pika moja. Ndengu za nyumba nzima. Kabla hujaongeza mafuta na chumvi ya wengine, chota zako kwenye kisufuria kidogo, ziendelee kuiva dakika kumi huku wao wakisonga ugali. Mama mkwe hataona tofauti.

Chai. Najua, hili linauma kuliko upasuaji. Usinywe na chakula, wala maji. Nusu saa kabla acha, nusu saa baada ndipo uanze tena. Chai ina kitu kinachozuia mwili kufyonza madini ya chuma, na sisi chuma tunacho kwa kuombaomba. Isogeze mbali zaidi na chakula ukiweza, na mbali na kidonge cha chuma.

Na hapo ndipo nataka uniskize, kwa sababu mimi niliangukia hapo.

Mwaka wa pili nilijiona bingwa. Nilikuwa nakula managu, omena, ndengu, mayai, kila kitu kutoka sokoni, ngozi inang'aa. Nikasema vidonge vya vitamini ni vya watu wanaokula vibaya. Nikaacha. Sikumwambia mtu. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kununua odowa. Unazijua zile mawe laini za kutafuna wanazouziwa akina mama wajawazito? Nilikuwa na mfuko wake kwenye droo ya stafrumu. Nilikuwa natafuna mawe nikisahihisha aljebra. Nikawa napanda ngazi ya darasa la juu nikisimama katikati kujifanya nimekumbuka kitu. Halafu nyayo zikaanza kufa ganzi, nikavua kiatu siku moja nikakuta kokoto ndani, nilikuwa nimeikanyaga tangu asubuhi. Vipimo vikaonyesha damu imeshuka, chuma hakuna, B12 hakuna. Nikapigwa sindano za B12, na hadi leo napigwa. Hamu ya odowa ilikwisha chuma kiliporudi, kama taa imezimwa.

Kwa hiyo managu ni mboga. Vidonge ni vidonge. Vya kalsiamu na vya chuma usivimeze pamoja, viachane saa mbili. Mimi chuma ni asubuhi, kalsiamu mchana na usiku, na mkebe uko kando ya mswaki.

Kengele imelia, nina kidato cha nne.

---

Dereva wa Rongai

Mwalimu amemaliza, lakini mimi ugali nakula na niko hai. Slivu, mwaka 2022. Kutoka kilo 141 hadi 99. Naendesha matatu ya abiria 33, kwa hiyo hayo mambo ya bakuli na sungura hayanifai barabarani.

Nakula gari likijaza. Nikifika steji napewa mayai boilo mawili na kijana wa pale, nayapasua, naongeza kachumbari bila pilipili. Kipande kimoja, natafuna hadi abiria watatu waingie. Kipande kingine, watatu wengine. Yai la kwanza linaisha gari likiwa nusu. Siku ya mvua watu wanaingia kwa fujo na gari linajaa kwa dakika nne, siku hiyo yai la pili nabeba. Konda wangu ameshajua, akiona nimetoa yai hapigi kelele za "twende."

Zamani kwenye steji hiyo hiyo nilikuwa nakula smokie nne na mutura. Smokie bado inashuka kama maji, ndiyo shida yake, kama dada alivyosema. Sijaigusa tangu Februari. Nasema uongo, nimeigusa Pasaka.

Nyumbani mke wangu anapeleka mahindi posho mill, yanasagwa bila kukobolewa. Ugali wake ni mzito na una chenga, huwezi kuumeza bila kutafuna. Nakula tonge mbili ndogo, baada ya samaki. Ule mweupe wa paketi ndio ulionikaba miaka mitatu iliyopita. Kwa hiyo mwalimu, heshima kwako, lakini ugali usiutukane wote.

Ovakado moja na kijiko cha chai kwenye gari ni mlo. Nusu yake, kwa kweli. Inajaza haraka. Ila ina mafuta mengi, usifanye kama mimi nikala tatu kwa siku nikashangaa mzani.

---

Muuguzi wa Zamu

Salamu. Nifupishe maana niko zamu.

Keshia, kukwama mara moja kwa tonge kavu ni jambo la kawaida. Lakini ukianza kutapika mara kwa mara, au hata vitu laini na maji vikatae kupita, usisubiri ushauri wa humu. Rudi kwa aliyekupasua. Mfuko wa slivu unaweza kubana mahali ukahitaji kuchunguzwa kwa kamera. Na mtu anayetapika kwa siku nyingi huishiwa vitamini B1 haraka, jambo linaloweza kudhuru neva na ubongo.

Protini: wengi huambiwa gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja ni kama gramu 6. Kikombe cha maziwa au mala cha mililita 250 ni kama 8. Nusu kikombe cha ndengu zilizoiva ni kama 7. Kipande cha samaki kilichoiva cha gramu 100 ni kama 25. Piga hesabu yako. Usitupe mkebe wa elfu saba kesho asubuhi. Punguza kijiko kimoja kila chakula cha kweli kinapochukua nafasi yake, na siku ambazo chakula kimekataa, unga bado ni msaada.

Mala iwe isiyo na sukari. Yogati ya stroberi soma nyuma ya kikopo uone sukari iliyomo.

Wa baipasi kama Mwalimu: dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kukuletea vidonda pale tumbo lilipoungwa. Wa slivu pia muulize daktari kabla. Naona watu wanazinunua dukani kama peremende.

Na mzani kusimama wiki kadhaa mwaka wa kwanza hutokea kwa karibu kila mtu.

---

Mguu Niponye

Sawa nimesoma. Odowa zilinishtua, mamangu anazitafuna kila siku na hajafanyiwa oparesheni yoyote.

---

Muuguzi wa Zamu

Mpeleke apimwe damu. Wiki hii.

---

Keshia wa Grogan

Nimerudi. Zimepita siku 24, nilitaka nije na habari badala ya asante tupu.

Nilianza na ndengu, Jumapili. Mwalimu, nilifuata hatua zako zote isipokuwa kumenya nyanya, nikasema ganda la nyanya ni kitu gani. Ni kitu. Sirudii. Mara ya pili nilimenya, nikala vijiko saba, nikangojea maumivu hadi mechi ya mume wangu ikaisha. Hayakuja. Ajabu ni kwamba saa kumi jioni nilikuwa nimesahau kuwa kuna biskuti nyumbani. Nilizikuta Jumatano zimelainika kwa unyevu.

Omena ilinishinda mara ya kwanza. Nilikuwa nimechoka, nikang'oa vichwa vya juu juu nikaacha vya chini vya sahani nikidhani havitajulikana. Mama mkwe alinikuta nimeinama kwenye sinki. Hakusema kitu. Kesho yake nilirudi kazini nikamkuta amekaa kwenye stuli na sinia mapajani, amechambua kikombe kizima, vichwa kwenye gazeti upande mmoja kama vimepangwa kwa mtihani. Akaniambia, "Sisi wa Busia hatuli vichwa. Nani alikufundisha kupika?" Huyu ni yule aliyekuwa akinisema kwa majirani kwamba nililipa pesa nyingi ili nife njaa. Sasa yeye ndiye anayepima maziwa ya omena, na ukiongeza anakupiga mkono.

Dereva, nilijaribu mayai yako kazini, nikatumia wateja badala ya abiria. Kipande kimoja kwa kila risiti. Siku ya mwisho wa mwezi yai lilinichukua saa nzima kwa sababu fundi mmoja alikuwa akibishana bei ya breki padi. Lilikuwa limepoa lakini lilishuka.

Mama wa kibandani nilimweleza ukweli. Alicheka, akaniuliza mimba imeenda wapi, halafu akaniambia ndengu anapika Jumanne na Alhamisi, atakuwa ananiwekea kabla hajamimina mafuta. Hatozi bei ya mtoto lakini. Nalipa sahani nzima, na nyingine inaliwa na kijana wa mkokoteni.

Mzani: 95.8. Unga wa protini nimebaki na kijiko kimoja asubuhi ndani ya mala. Chai nimeisogeza saa tatu na saa kumi. Ya saa tatu bado naililia. Na nilikula biskuti, mara mbili, zote siku ambazo nilisahau kubeba chakula. Vidonge vya vitamini, Mwalimu, naona aibu kusema, nilikuwa naruka siku tatu nne kwa wiki. Nimeviweka kando ya mswaki. Damu napimwa Jumatatu.

Swali moja tu la mwisho. Jumamosi ijayo chama ni kwangu. Wanawake kumi na wanne. Wamezoea pilau, chapati na soda, na nikiwapikia ndengu watasema upasuaji umenifanya bahili. Lakini nikipika chapati najijua, ile ya kwanza inayotoka ikiwa moto, yenye majani majani ndani... nitaikata "kuonja chumvi." Nifanyeje?

---

Dereva wa Rongai

Agiza chapati kwa jirani zije zimepoa.

---

Mwalimu wa Kayole

Chapati apike mama mkwe, wewe usiingie jikoni. Pilau wape. Ndengu pika sufuria kubwa, chota zako kwanza kwenye kisufuria, zilizobaki tia nazi na mafuta yao waone huna ubahili. Kula yako saa tano na nusu, kabla hawajafika, ukiwa umekaa, bila simu. Wakija utakuwa umeshiba na mikono yako itakuwa na kazi ya kupakua.

Ndengu za watu kumi na wanne ni kama kilo mbili. Loweka Ijumaa usiku, usisahau. Na nyanya zote, Keshia. Zote umenye.